Mchanga wa Mazinde

Miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila mgeni akawa mwekezaji, mtaalamu mmoja kutoka Kanda ya Ziwa alipanga nyumba jirani na shule yetu, upande wa Bumbuli. Alitafuta namna ya kutoa dhahabu kwenye mchanga wa mto wetu bila kutumia zebaki. Kwa kuwa nilifundisha kemia, aliniomba nimsaidie kuandika vipimo.

Aliloweka mchanga kwenye pipa lenye dawa ya kuyeyusha dhahabu, akatia mkaa maalumu wa kuinasa, kisha akauchoma ule mkaa. Kila mara ilibaki punje ya manjano. Wakulima wa chai wakaanza kumpisha njiani kama mkwe.

Mimi moyo ulikataa. Mchanga wa juu, wa chini, wa ukingoni: punje ileile, ukubwa uleule. Tena wakati wa kuchoma hakutaka mtu karibu. Alisema moshi una sumu.

Siku moja nilishuka Mazinde, kule tambarare mbali na mto wetu, nikachota mchanga kando ya barabara, nikampelekea. "Huu ni wa bondeni, shambani kwa mwenyekiti wa kijiji," nikamwambia. Siku ya tatu akanionyesha punje, anacheka.

"Mchanga huo ni wa barabarani Mazinde," nikasema. "Dhahabu umeitia wewe."

Kicheko kikakatika. "Mwalimu, unaniita tapeli?"

"Nakuuliza."

Alichota kwenye gunia mkaa mkavu, ambao haujagusa mchanga wala dawa, akauchoma mbele yangu, akayayeyusha majivu yake. Punje ikabaki.

Akajikalia juu ya tofali. Mkaa ule aliuziwa machimboni kama mpya, kumbe ulishatumika, ukaja na dhahabu yake. Hivyo ndivyo alivyosema. Nikaona aibu, ingawa hata leo sina hakika kama kweli hakujua.

Wiki ileile aliondoka. Nilimweleza mwenyekiti kila kitu, hata nikamchorea lile pipa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Ila yule mgoshi alikuwa anatoa dhahabu, na wewe ndiye uliyemfukuza."

Mwaka mzima, kila niliposhuka mtoni kufua, mama mmoja alikuwa nyuma yangu na mundu, akichungulia beseni langu, eti anakata majani ya ng'ombe, mahali ambapo majani yalikwisha siku nyingi.