Aliyeingia Nasi Hemani

Sinywi pombe, sina maradhi ya kichwa, na jioni ile sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu kila ninayemsimulia lazima aniulize. Haya yametokea, tena yametokea kwangu. Mume wangu yupo, watoto wapo. Ukitaka, waulize mmoja mmoja, kila mtu peke yake, uone kama maneno yatatofautiana.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Rasbura, hapa Lindi mjini. Mume wangu, Baba Swaumu, aliachiwa na marehemu baba yake shamba la mikorosho ng'ambo ya Milola, mbali kidogo na kijiji. Msimu ukifika tunahamia huko na watoto, tunaokota, tunaanika, tunajaza magunia, ndipo tunarudi mjini. Tulikuwa na kibanda chetu cha kulala, lakini mwaka juzi tulifika tukakuta mchwa wamekimaliza na paa limelala chini. Korosho za mwisho zilikuwa zinadondoka, shule zinakaribia kufungwa, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Tungejenga saa ngapi? Tukakubaliana tununue hema.

Dukani tulibishana mpaka muuzaji akatuwekea viti. Baba Swaumu alikuwa ameshapenda hema moja jepesi la rangi ya chungwa, ukilikunja linakuwa kama begi la shule.

"Hili nalifunga nyuma ya pikipiki, tunaondoka," alisema.

Mimi nikaligeuza ndani nje, nikaliinua juani. Mwanga ulikuwa unapenya kwenye kila tundu la sindano. Nikavuta mshono kwa ukucha, uzi ukaja. Na sakafu yake ilikuwa kipande cha nailoni cha kutandika tu, hakikushonwa na kuta.

"Baba Swaumu, tazama hapa chini. Pana mwanya. Maji yanaingia, nge anaingia, nyoka anaingia."

"Na lile lingine? Zito kama gunia la saruji!"

"Acha liwe zito. Watoto wanalala chini, hawalali juu ya miti."

Hilo zito lilikuwa la turubai la kijani. Sakafu yake nene ilikuwa imeshonwa moja kwa moja na kuta, tena imepandishwa pembeni kama beseni, hata maji yakitiririka chini hayaoni pa kuingilia. Nguzo zake za chuma, vigingi virefu, zipu za meno makubwa, na paa la pili la kulivalisha juu. Muuzaji alilisimamisha nyuma ya duka. Mimi nikaingia ndani, yeye akamwaga ndoo nzima ya maji juu yake. Nilipotoka mkavu, Baba Swaumu alicheka, akasema haya, umeshinda.

Kweli hema lilitufaa. Siku za mwanzo zilikuwa za raha, niamini. Swaumu, binti yangu mkubwa, alilifanya nyumba yake, anafagia asubuhi na jioni. Hamisi, wa pili, akawa mlinzi wa mlango, huingii mpaka ukung'ute miguu. Kuruthumu, kitinda mimba wangu, alikuwa na miaka mitatu, kazi yake kulala na kula.

Sasa njoo kwenye jioni yenyewe. Baba Swaumu alikuwa amekwenda kijijini kwa pikipiki kufuata maji ya kunywa na kuchaji simu. Mimi nilikuwa jikoni, yaani kwenye mafiga yetu nje ya hema, nachemsha muhogo. Samaki nilikuwa nimeshamkaanga, vipande vitano, kila mtu na chake. Watoto walikuwa wanacheza huko kwenye mikorosho. Nilikuwa nawasikia wakicheka tu, siwaoni, maana magharibi ilikuwa imeshaingia na giza linakuja.

Mvua ikashuka ghafla. Nikanyakua sufuria, nikapaza sauti nikielekea hemani, "Ingieni wote! Wote ndani, upesi!"

Wakaja mbio, wakapita chini ya mkono wangu mmoja nyuma ya mwingine. Nikafunga zipu. Nikatundika tochi juu, nikaweka sinia katikati.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo watu wanaponikatiza. Nilimpa Swaumu kipande chake cha samaki. Nikampa Hamisi. Nikamtolea miba Kuruthumu, nikampa. Nikampa na wa nne. Kipande kilichobaki nikakifunikia baba yao. Mimi nikala muhogo mtupu, nikajisemea ndiyo umama huo.

Unadhani nilishtuka? Wala sikushtuka! Na hilo ndilo linalonisisimua mwili mpaka leo. Nilimwona kwa macho yangu. Msichana mwembamba, mkubwa kidogo kuliko Hamisi, amefungwa kipande cha khanga shingoni. Alikaa pembeni kabisa, pale sakafu inapokutana na ukuta. Na moyoni mwangu alikuwa mwanangu. Wewe unashangaa ukimwona mwanao mkekani kwako? Basi ndivyo nami sikushangaa. Hata wanangu hawakushangaa. Hamisi alimwambia, "Sogea bwana, unanibana," naye akasogea.

Mvua ilikuwa inapiga juu kwa nguvu. Yule msichana akawa anapapasa mshono wa sakafu kwa kidole, taratibu, kutoka kona mpaka kona.

"Mama, hapa hapapiti maji?"

"Hapapiti. Nimepakagua mwenyewe."

"Kwetu palipita."

Na mimi unajua nilimjibuje? Nikamwambia, "Haya, kula, chakula kinapoa." Basi! Kama vile kaniambia neno la kawaida.

Akala. Alikula vizuri, mpaka vidole akalamba. Kuruthumu alikuwa ameanza kusinzia, akatambaa akajilaza mapajani kwa yule msichana, naye akawa anampigapiga mgongoni kama anavyofanya dada yeyote.

Isha ilikuwa bado niliposikia pikipiki. Ikazimwa. Baba Swaumu akaita kutoka nje, "Mama Swaumu! Mko salama na mvua hii?"

"Salama. Tumeshakula. Wote wanne wameshiba, na chako kipo."

Nikasikia hatua zake zikisogea mpaka mlangoni.

"Umesema wangapi?"

"Wanne."

"Nitajie."

Nilicheka. Nikaona mume wangu leo kaja na utani. "Swaumu huyu. Hamisi huyu. Kuruthumu kalala."

"Na nani?"

Nikafungua mdomo nitaje jina la nne, na jina halikuwepo. Nikalitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nikageuka kumtazama yule msichana, labda uso wake utanikumbusha. Alikuwa ananitazama, amenyoosha shingo, anasubiri kama mtoto darasani mwalimu anapoita majina. Pale pale nikaelewa kwamba nimezaa mara tatu tu, na kwamba kitinda mimba wangu kalala mapajani kwa mtu nisiyemjua. Nilitaka kupiga ukunga, nikajizuia kwa ajili ya Kuruthumu.

Baba Swaumu alifungua zipu polepole. Hakuingia. Alisema kwa sauti ya chini, ile anayotumia akimtuliza mbuzi aliyenasa, "Swaumu, njoo kwa baba. Hamisi, na wewe. Msikimbie." Wakatoka, wanashangaa tu kwa nini wanaitwa mvuani. Nikasikia anaanza kusoma Ayatul Kursiyu.

Nikabaki mimi na yule msichana, na Kuruthumu katikati yetu.

"Mimi hujanitaja," akasema. Sauti ya mtoto tu, yenye mafua kidogo.

"Sikujui jina, mwanangu."

Akainamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa bado mgongoni kwa Kuruthumu, na sasa niliona kwamba khanga yake inachuruzika maji, yanatiririka tu wala hayaishi. Wanangu wote walikuwa wameshakauka zamani.

"Nipe mdogo wangu huyo," nilisema. Nilikosea hata maneno. "Nipe Kuruthumu, mama."

"Nikikupa mtanitoa nje?"

Ndugu yangu, ningeweza kumdanganya. Ningeweza kumfukuza kwa majina yote ya Mungu. Lakini alivyouliza, jamani, aliuliza kama mtoto aliyewahi kutolewa nje. Hofu yangu haikuisha, ila huruma ilikuja ikakaa pembeni yake.

"Hatukutoi," nikamwambia. "Nje kunanyesha. Lala humu mpaka kuche. Hema ni lako leo. Sisi tutakwenda kwa jirani."

"Hapapiti maji?"

"Wallahi hapapiti."

Akamnyanyua Kuruthumu kwa mikono miwili, akanipa. Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa baridi, baridi ya mtu aliyeshinda majini. Mwanangu alikuwa wa moto, anakoroma, mate yanamtoka. Nilimbana kifuani nikarudi kinyumenyume mpaka nje, na Baba Swaumu akafunga zipu kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tulikwenda kwa miguu mvuani mpaka kwa Bi Somoe, mama wa makamo mwenye shamba la jirani, ambaye anaishi huko huko mwaka mzima. Njia nzima nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Swaumu ameshika gauni langu, Hamisi yuko begani kwa baba yake, Kuruthumu kifuani kwangu. Niliwagusa vichwa tena na tena. Wako watatu! Sikuwahi kufurahia kulowa namna ile.

Bi Somoe alitufungulia, akatupa khanga kavu, akawasha moto. Hakuuliza kitu mpaka watoto walipolala. Tulipomweleza, akauliza mambo mawili tu.

"Alikula?"

"Alikula, bibi. Samaki na muhogo."

"Na hamkumfukuza?"

"Hatukumfukuza."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Basi laleni."

Asubuhi, wakati wa kunywa uji, akatuambia alichokijua. Kulikuwa na watu walikuja kuokota korosho kwa kibarua, zamani, yeye akiwa mwari. Walilala chini ya kipande cha nailoni pale karibu na korongo. Mvua ikanyesha usiku, maji yakapita chini yao, na katika purukushani kila mtu alikimbia akidhani mtoto amebebwa na mwenzake. Alipatikana kesho yake chini korongoni. Wazazi walizika, wakaondoka, hakuna aliyewajua kwao wapi.

"Watu wamekuwa wakimwona," alisema. "Humfukuza, humrushia vijinga vya moto. Wewe ulisema wote waingie, naye akasikia. Watoto hawajui kwamba 'wote' ina mpaka."

Tulirudi shambani jua likiwa limeshapanda. Hema lilikuwa limesimama vile vile, zipu imefungwa tulivyoifunga. Baba Swaumu akafungua. Magunia makavu, blanketi kavu, kuta kavu, hakuna tone lililopenya popote. Isipokuwa pale pembeni, penye mshono. Hapo palikuwa na maji, alama ya mtu mdogo aliyelala kwa ubavu amekunja magoti, na mkono mmoja chini ya shavu. Mtu aliyelala vizuri, sema kweli. Mtu akilala kwa hofu halali vile.

Nilipafuta kwa khanga yangu. Mchana tukamwita mwalimu wa madrasa kutoka kijijini, akasoma dua, na Bi Somoe akatuonesha kaburi, tukalipalilia na kulizungushia mawe. Tangu hapo tumekwenda shambani tena na tena, tumelala hema lile lile, na hajaonekana kwetu wala kwa mtu mwingine yeyote. Bi Somoe anasema sasa hata korongo lenyewe halimtishi akipita jioni.

Je, mimi nimebaki salama? Nimebaki salama, nashukuru. Nimebaki tu na tabia mbili. Kwanza, siku hizi siwezi kula samaki mpaka niwe nimewagawia watoto na kuwatazama usoni mmoja mmoja. Pili, neno "wote" limenitoka mdomoni. Hata wakiwa sebuleni Rasbura, nawaita kwa majina: Swaumu, Hamisi, Kuruthumu. Wanangu wananicheka. Waache wacheke, nikisikia vicheko vitatu vinanitosha.

Wateja wangu wakijua kwamba nina hema, huja kuniuliza wanunue lipi, hasa wanaotaka kupeleka familia ufukweni au shambani. Nawaambia wageuze ndani nje, waangalie mshono juani, wahakikishe sakafu imeshonwa na kuta, wamwagie maji kabla ya kulipa. Wengi huondoka hapo. Wewe uliyekaa ukanisikiliza, nakuongezea. Giza likiingia, usiwakusanye watoto kwa mkupuo. Mwite kila mmoja kwa jina lake, aitike, aingie. Na ikitokea ukahesabu ukamkuta amezidi mmoja, nakuomba, usimpigie kelele. Chukua walio wako, umwachie pakavu.