Magunia Mbele ya Wageni wa Shule

"Mwanangu, mimina tu, gunia halijatoboka," bibi mmoja alimwambia mgeni kutoka Nairobi, huku akimsukumia gunia tupu kifuani. Nyuma yake ilisimama nusu ya kambi yetu ya wakimbizi ya Dagahaley, kila mtu na gunia lake. Mimi ndiye niliyewaita.

Wageni walikuja kuona kama wazazi tunaitaka kweli sekondari ya kufundisha kwa Kisomali. Watoto wetu hapa wamesoma msingi kwa Kisomali, na sekondari za Kenya ni Kiingereza tupu. Binti yangu Hodan amemaliza, anakaa tu nyumbani. Basi Mwalimu Bishar, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliponipa kipaza sauti, nilikishika kama waziri.

"Waambie waje na kadi zao, wageni wahesabu wazazi," akasema.

"Walaal, ndugu yangu, hapa kadi ni ya posho. Watafikiri ni unga."

"Wewe shule umeenda wapi? Tangaza!"

Nikatangaza, mjinga mimi. Watu walipofurika nikavimba kichwa, nikawaambia wageni, "Tazameni watu wanavyopenda lugha yao!" Ndipo bibi akafika na gunia.

Mgeni akauliza, "Hawa wamefuata shule au unga?"

"Unga!" umati ukajibu kabla yangu.

Wageni wakapanda gari, wakasema hapa shule haina wenyewe.

Sasa Bishar anasema kosa ni la mtangazaji. Mimi nilikimbia vita kwa miguu kutoka Kismayu, nimechoka kubishana. Bishar, njoo kwangu, umwambie Hodan mwenyewe kwa nini hana shule.