Volti za Saa ya Futari

Nyumba yangu iko Kibiti, mwisho wa laini ya umeme, na kila tofali lake nililinunua mwenyewe. Nilitoka kijijini Mbwera na begi moja, nikarudi kutoka Dar na stashahada ya umeme. Wenzangu wa rika langu walipokuwa wanaoa, mimi nilikuwa nanunua saruji. Sijutii. Ila vyumba ni vinne, na nalala kimoja.

Ramadhani iliyopita nilikuwa nafuturu na wanaume wa mtaa. Kwetu hutandikwa mkeka nje, kila nyumba ikatoa sinia lake. Mimi nilitoka na tende tu, siku kumi mfululizo. Siku ya kumi na moja mzee jirani akanisogezea bakuli la uji.

“Kunywa, fundi. Nyumba kubwa, moshi wake hatuuoni.”

Wakacheka. Nikawaambia kwangu hauingii mkaa, napikia umeme. “Kesho msipike. Mkeka wote nafuturisha mimi.”

“Tuko tisa, mwanangu.”

“Hata mngekuwa ishirini.”

Asubuhi nikapima jiko kwa mita yangu. Volti 230, mkondo ampea 5. Nikagawanya volti kwa ampea: ukinzani wa jiko ni omu 46. Nikazidisha volti kwa ampea: nguvu yake wati 1,150. Nikajaribu kuchemsha maji kwenye sufuria kubwa, nikahesabu dakika, nikajua muhogo wa nazi wa watu tisa ubandikwe saa kumi. Mafundi wengi hubahatisha. Mimi sibahatishi.

Saa kumi na mbili kasoro muhogo ulikuwa bado mgumu. Nikapima tena: volti 161. Mji mzima ulikuwa umewasha mafriji, blenda za juisi na mashine za kukuna nazi, na mimi niko mwisho wa laini. Omu za jiko ni zilezile 46, kwa hiyo mkondo ulikuwa ampea tatu na nusu tu. Zidisha: wati 563, hata nusu hazifiki. Volti zikishuka, mkondo nao hushuka, na nguvu ni zao la vyote viwili. Hilo nilifaulu kwenye mtihani kwa alama za juu. Ila nilipima asubuhi tu, basi.

Adhana ikalia. Nikatoka na tende na jagi la maji. Wanaume tisa walikuwa wamekaa mikono mitupu, maana niliwaambia wasipike.

“Fundi, jiko nalo limefunga?” mmoja akauliza.

“Bado kidogo.”

Wakala tende, wakaswali, wakanisubiri. Kisha mzee jirani akainuka taratibu. “Ngoja nikaangalie kama nyumbani kuna kiporo.” Wengine wakamfuata, kila mtu kwake, na kwenye nyumba zao nikasikia wake zao wakiuliza mbona wamerudi mapema. Muhogo uliiva mkeka ukiwa umeshakunjwa. Nilikula sahani moja, nimesimama jikoni.

Kesho yake masinia yalitoka kama kawaida. Niliyasikia yakiwekwa chini. Mzee akaja kugonga geti.

“Fundi, njoo tule. Yale yameshapita.”

“Nina kazi, mzee.”

“Kazi gani saa hii?”

Nikachukua nyundo, nikagonga ukuta mara mbili tatu ili aamini.

“Haya,” akasema, na ndala zake zikarudi mkekani.