Tulivyoposa Mlango wa Mama

Kaka yangu mkubwa anaendesha maisha kwa uchumi mzunguko. Ndiyo kazi yake. Anakaa Dar es Salaam, anazunguka mikoani na mara mojamoja Ulaya, akiwaambia watu kwamba nyumba ikibomolewa hakuna cha kutupwa: tofali lisafishwe lijengee tena, mbao zirandwe upya, bati lirudi juu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Bukoba. Tangu tukiwa watoto yeye ndiye anayehutubia na mimi ndiye ninayepiga makofi.

Mwaka ambao tulimjengea mama nyumba, semina yake ilifika hadi kwetu, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Alinialika. Alituonyesha ukutani picha ya mzee wa nchi ya baridi, amevaa glavu, anakwangua saruji kwenye tofali kuukuu taratibu kama anayemwogesha mtoto. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kwa heshima. Nilitazama wale mabwana na mabibi wa kwetu nikajua kwamba jirani yao angeonekana anakwangua tofali namna ile, habari ingefika mpaka Kashozi, nje ya mji, kabla ya chakula cha mchana kuwa amefilisika. Tulipiga makofi, tukala sato na matoke.

Nyumbani kwetu ni Muleba, unapita Izigo unaingia ndani kidogo. Nyumba ya wazazi aliijenga baba mwenyewe, kwa matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, na nyuma yake, kwenye migomba, ndiko tulikomzika. Tangu lile tetemeko la ardhi lililoutikisa mkoa wetu, ukuta wa mbele ulikuwa na ufa ambao kuku walipita. Kila mvua tulihamisha kitanda cha mama, mpaka kikakosa pa kuhamia. Hapo kaka akatangaza kwamba anajenga upya, na mama akahamia jikoni, kile kibanda cha nje, kwa muda.

"Haya matofali mtayafanya nini?" mama aliuliza.

"Usihangaike, mama. Wewe utajengewa kwa vitu vipya vitupu."

"Mimi nimeuliza matofali."

Kaka akanivuta kando, chini ya mti wa kahawa. "Watu watasema nini?" akaniambia. "Mtoto kasoma mpaka Ulaya, halafu anamjengea mama yake kwa vifusi?"

Nilimkumbusha yule mzee wa glavu.

"Ile ni Ulaya," akasema, na aliona amenijibu.

Sitamcheka peke yake. Watani wetu wa makabila mengine wanatuita nshomile, yaani "mimi nimesoma", na hawakosei sana. Kwetu mtu akijenga nyumbani hajengi pa kulala, maana analala Dar. Anajengea macho ya wapita njia na wale watakaokuja Krismasi. Nyumba kama hiyo ikionekana ina tofali la zamani, ni sawa na kwenda kanisani na koti la marehemu.

Basi kaka aliamuru vifusi vikafukie korongo la barabara. Mama alipopata habari hiyo hakugomba. Aliita kijiji. "Afadhali nigawe kuliko kuzika," alisema, akaketi kwenye kigoda na kuwasimamia. Mjane wa jirani alipata bati za kuezekea banda la mbuzi na tofali la kizingiti. Katekista alipata madirisha. Matofali yaliachana bila shida, kwa kuwa udongo haung'ang'anii kama saruji, na watu waliyabeba kichwani, kwenye baiskeli, kwenye toroli, huku wakimshukuru kwa lile neno la heshima la Kihaya, waitu, waitu. Lori la vifusi lilipofika lilikuta uwanja umefagiliwa. Uchumi mzunguko ulipita kijijini kwetu asubuhi moja, bila semina wala soda.

Kitu kimoja tu mama hakukigawa, nacho ni mlango wa mbele. Aliuegemeza ukutani mwa jiko akaenda misa ya Jumapili. Aliporudi haukuwapo. Kaka, katika kusafisha eneo, alimpa mwenye kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, wa kule Izigo, aliyekuwa anapita na pikapu. "Chukua, mzee, unipunguzie takataka," ndivyo alivyomwambia. Mama aliuliza mara moja, akajibiwa kwamba mlango mpya unakuja kutoka Dar. Alinyamaza. Tulidhani ameridhika. Watu wazima tuliosoma, na hatukujua kunyamaza kwa mama yetu wenyewe.

Nyumba ikapanda. Bati la msauzi jekundu, dari ya jipsamu, na mbele nguzo nene ambazo hazikubeba kitu zaidi ya sifa. Mlango wa Dar ulifika umefungwa kwa plastiki: wa chuma, umepakwa rangi ukafanana na mbao, na kitasa cha dhahabu ambayo si dhahabu. Majirani walikuja kukishikashika. Mmoja alisema nyumba imekuwa kama benki, na kaka akachukulia kuwa ni sifa.

Siku ya kubariki, padri alinyunyiza maji ya baraka vyumba vyote, watoto wa shule wakaimba, kamwani ikapitishwa, kila mtu akatafuna punje mbili tatu za kahawa akasema pongezi. Kisha kaka akaenda jikoni kumchukua mama, amwingize kwa mkono. Mama hakuinuka.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Mama, ule pale. Mpya."

"Kwa mlango wangu niliingia bibi harusi. Kwa mlango wangu tulilitoa jeneza la baba yenu. Mimi mnataka kunitolea benki?"

Padri alitazama viatu vyake. Kaka akaanza kueleza ubora wa chuma, mama akamkatiza, na hapo ndipo nilipogundua kwamba katika familia yetu mwenye maringo kuliko wote si kaka. "Mlango ule ulikuwa wa jengo la misheni," aliwaambia wageni, si sisi. "Walipobomoa jengo la zamani kule Kashozi, baba yao aliuomba, akauleta na ndugu zake kwa miguu. Mvule mtupu. Ulipofika hapa ulikuwa mzee kuliko mimi. Watu wa juzi ndio kila kitu chao kipya."

Wageni waliinama kwenye bilauri zao. Wengi wao walikuwa watu wa juzi.

Alibaki jikoni. Mvua zikaanza. Kila Jumamosi nilitoka Bukoba nikamkuta kwenye moshi, amejifunika kitenge, anakohoa, na ng'ambo ya uwanja nyumba nzima imefungwa kwa kitasa cha dhahabu. Nilibembeleza, nikagomba, nikalia. Niliogopa kwamba tutamzika kutoka jikoni, na tutakaa Krismasi zote zilizobaki tukitazamana kwenye makochi ya nyumba ambayo hakuingia. Nilimpigia kaka simu nikamwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa. Akapanda ndege akaja.

Mlango tuliupata Izigo bila kutafuta sana. Ulikuwa mlango wa choo cha kilabu.

Ulikaa vizuri, lazima niseme. Mwenye kilabu aliupaka mafuta, akauwekea komeo jipya kwa ndani. Kaka alishuka kwenye gari, akasema kuna makosa yametokea, akamwita dereva aje wabebe. Mwenye kilabu, mtu mnene mpole, akasimama katikati.

"Mheshimiwa, hapa kwangu hakuna takataka yako," alisema. "Takataka niliichukua kule, kwa idhini yako. Hiki hapa ni kitu changu. Ukikihitaji, unajua watu wanavyokuja kuomba kitu cha thamani nyumbani kwa mtu."

Kaka hakujua. Mimi nilijua, nikauma ulimi nisicheke. Alitaka tuje kuuposa mlango, kama binti.

Tukarudi Jumamosi iliyofuata kama inavyotakiwa: baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wetu katika posa zote za ukoo, shangazi wawili, kaka kwenye suti, na mimi nimebeba kamwani iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Rubisi hatukubeba, maana tulikuwa tunakwenda penye rubisi. Walitukalisha kwenye vigoda uani, upande wa kule choo kilipo, na wanywaji wote wakageuza viti vyao.

Baba mdogo alikohoa. "Tumepita njia hii tukaona ua zuri nyumbani kwako," alianza. "Tuna kijana wetu, msomi, ana nyumba, ila nyumba yake haina wa kuifunga."

"Nimesikia," mwenye kilabu alijibu. "Ila binti huyu ana kazi hapa. Akiondoka, watu wataonekana."

Hata shangazi walicheka. Wakati huohuo mteja mmoja alitoka chooni, akakuta wanywaji wote wanamtazama, akarudi ndani akafunga.

"Tena," mwenye kilabu aliendelea, "nilisikia kwamba kwao alifukuzwa. Aliitwa jina baya mbele yangu. Aliyemwita ajitokeze amwombe radhi, ndipo tuzungumze mengine."

Kaka alinitazama. Mimi nilitazama migomba. Alisimama, akavuta tai, na mbele ya walevi wa Izigo msomi wetu wa Ulaya akauomba mlango wa choo radhi. Aliomba vizuri, nisimnyime haki yake, kwa sauti ileile ya semina. Nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao, lakini sijawahi kuwa na mfano kama ule, na siwezi kuutumia darasani.

Mahari ikatajwa: mlango wa Dar, na kitasa chake, na funguo zote. Kaka alifungua mdomo, shangazi mkubwa akamkanyaga mguu, akaufunga. Siku hizi ukipita Izigo, choo chenye mlango wa fahari kuliko vyote Muleba kipo pale, na watu wanakitumia hata wasipobanwa.

Fundi alipoupandisha mlango wa mama kwenye nyumba mpya, ukawa mwembamba. Palibaki uwazi huku na huku, mtu angeweza kupenyeza mkono mzima. Kaka alisema zinunuliwe tofali za saruji. Mama, kutoka jikoni, akasema hapana, nyumba yake ina matofali. Akatuma neno kwa majirani. Walikuja mmojammoja, kila mmoja na matofali yake machache, mengine bado yana kinyesi cha mbuzi, na mjane wa jirani akaleta moja tu aliloling'oa kwenye kizingiti chake. Tulikaa uani tukayakwangua. Kaka alivua koti, akakwangua na panga, na hakuwa na glavu. Sikusema kitu. Nilistahili sifa kwa hilo na sikupewa.

Kwa hiyo nyumba yetu sasa ina nguzo za benki, lipu nyeupe, na katikati ya uso wake kiraka chekundu kimezunguka mlango mweusi wa mvule. Fundi alitaka kukipiga lipu, mama akamwonyesha njia ya kwenda kwao. Mchana ule mama alitoka jikoni bila kushikwa mkono, akasukuma mlango, ukalia kama ulivyolia siku zote, akaingia. Nikasikia anakohoa ndani, halafu anauliza nani kaweka kitanda upande ule.

Kaka alipokuwa anaaga kurudi Dar alikuwa mchangamfu tena. Asubuhi ile nzima alikuwa akinijaribishia hotuba mpya, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachoitwa Mfano wa Muleba, ambacho yeye alikibuni. Akamsimamisha mama mlangoni, akatoa simu ampige picha.

"Ya nini?" mama akauliza.

"Nikawaonyeshe wenzangu, mama. Wajifunze."

"Waonyeshe." Mama alipitisha kiganja kwenye fremu, juu mpaka chini. "Ila wewe usisahau kwamba ni mwembamba. Siku mtakaponitoa mnigeuze kidogo ubavuni, kama mlivyomgeuza baba yenu. Wewe ndiye uliyeshika upande wa kichwa."

Kaka aliishusha simu. Picha ile hakuipiga.