Nilisema Nyuma Kweupe

Nimekosa, na naomba niliseme kosa lenyewe kabla sijaanza kulipamba. Nilimwacha mama wa bibi harusi ufukweni. Nilimwona kwa macho yangu, kisha nikasema sikuona kitu. Yote hayo kwa sababu ya saa ya mkononi.

Usinicheke bado, sikiliza kwanza.

Kijiji chetu kiko kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma, na hakina barabara. Ukitaka kwenda mjini unapanda boti, na boti yetu ni ya kijiji kizima. Kila nyumba ilileta ubao wake, fundi akaziunganisha mbao zote, na mpaka leo watu wanazijua mbao zao kama wanavyojua mashamba yao. Utasikia mtu anamwambia mwenzake, "Sogea huko, umekalia ubao wa baba." Boti hiyo inapeleka magunia ya dagaa na madumu ya mawese kwenye mwalo wa Katonga, gati la wavuvi kule mjini, na faida yake ndiyo iliyoezeka zahanati.

Kwa kuwa ni ya wote, ina desturi yake. Mtu akichelewa, anasimama ufukweni na kupunga kanga. Maadamu kanga inaonekana, boti inageuka. Nahodha wetu, Mzee Bilali, anakaa nyuma kwenye injini na shingo yake haigeuki vizuri. Kwa hiyo mtu mmoja hukaa akimwelekea, anatazama tulikotoka. Tukifika kwenye rasi, ambapo ukipita kijiji hakionekani tena, Mzee Bilali huuliza, "Nyuma vipi?" Kama hakuna mtu unajibu, "Nyuma kweupe." Hapo ndipo anaongeza mwendo.

Sasa mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kinyooke. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifundisha mwenyewe kwenye simu, nikipanda mlimani kutafuta mtandao. Nikiandika neno likapinda, nafuta yote. Waliponipa kazi ya kusimamia safari za boti, niliogopa kuharibu.

Wanunuzi wa Katonga walikuwa wanalalamika kwamba tunachelewa, na boti ya tajiri mmoja wa mjini ilishaanza kuchukua mizigo yetu. Nikaona dawa ni ratiba. Nikachukua kibao, nikaandika kwa rangi ya bluu: KUONDOKA SAA MOJA KAMILI ASUBUHI. Nikakifuta na kukiandika upya kwa sababu K moja ilikuwa imelala. Watu wakaanza kuniita Saa Moja Kamili. Nilijifanya nimeudhika, kumbe nilipenda.

Ikaja siku ya harusi ya Zainabu, binti wa kijijini kwetu. Yeye alikuwa tayari Ujiji kwa shangazi yake, ndoa ifungwe baada ya swala ya adhuhuri. Mama yake na wanawake wenzake walikuwa wasafiri nasi asubuhi ile. Saa moja kamili nikapiga filimbi, tukang'oa nanga, mimi nikiwa nimekaa kumwelekea Mzee Bilali.

Tulipokaribia rasi nikaona kanga nyekundu.

Alikuwa Mama Zainabu. Mkono mmoja kanga, mkono mwingine kuku. Baadaye nilikuja kujua kwamba kuku huyo, aliyeahidiwa kwa wakwe, alikata kamba akakimbilia kwenye michikichi, na mama wa watu akamfukuza mpaka akampata. Nilimwona vizuri. Niliona hata kuku akipiga mabawa.

Nikatazama saa. Mnunuzi mkubwa wa Katonga alikuwa ametuahidi kuja kuona kama kweli tumebadilika. Tukigeuka, ratiba imekufa siku ileile.

"Nyuma vipi?" akauliza Mzee Bilali.

"Nyuma kweupe."

Nikajiambia atapanda ile boti ya tajiri. Nikajiambia pia kwamba labda ni mvuvi anakung'uta shuka. Ukitaka kujidanganya, akili yako haikunyimi msaada.

Katonga tulifika mapema. Mnunuzi akatazama saa yake, akacheka. "Leo mmekuja kama watu wa benki." Furaha yangu haikudumu hata gunia la kwanza kushushwa.

"Mama Zainabu yuko wapi?" akauliza Bi Mwajuma, jirani yake.

"Si alikaa mbele na nyie?" akajibu mwanamke mmoja aliyekaa nyuma.

"Mbele wapi? Sisi tulijua yuko huko nyuma anamtania nahodha."

Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu la pili, na naona ndilo kubwa. Wakakubaliana kwamba lazima amepatwa na jambo la ghafla. Nikawabebea sufuria mpaka Ujiji, nikishukuriwa njia nzima kwa wema wangu.

Tulipofika nyumbani kwa shangazi, habari zikawatangulia wanawake ndani. Haikupita muda, shangazi akatoka ameshika kiuno.

"Bibi harusi amegoma. Anasema hatoki chumbani, na shehe akitaka idhini yake akaiombe kwa mlango."

Sauti ya Zainabu ikasikika kutoka ndani, haina hata kilio: "Mama yuko njiani. Boti ya kwetu haimwachi mtu."

Alivyolisema neno hilo kwa kujiamini ndivyo lilivyonimaliza. Nikatoka kumtafuta Mzee Bilali. Nikamkuta barazani anakunywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi. Umevunja nini?"

"Nyuma hakukuwa kweupe."

Akaweka kikombe chini. "Kulikuwa na nini?"

"Kanga nyekundu. Na kuku."

"Hata kuku ulimwona?"

"Nilimwona."

"Kanga nyekundu na kuku juu, wewe ukaona kweupe." Hakupaza sauti. Bora angenipiga. "Haya, twende."

Tukarudi ziwani. Hatujafika mbali tukakutana na boti ya tajiri inakuja, na mbele kabisa amekaa Mama Zainabu, kuku mapajani. Boti ile ilikuwa inaelekea Kigoma, angeweza kutupungia mkono tu akaendelea. Akasimama.

"Nisogezeni pale," akawaambia. "Siendi kwenye harusi ya mwanangu kwa boti ya watu wakati ya kwangu ipo."

Wakamshika mikono, akavuka. Akatazama huku na huku, macho yakatua kwangu.

"Inuka. Umekalia ubao wangu."

Nikainuka kama nimeungua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika kuku."

"Mama, nilikuona. Nilisema uongo."

"Najua uliniona. Asiyeona hageuzi uso upesi vile. Hata huyu kuku alikushangaa."

"Nisamehe, mama."

"Mshike vizuri. Akiruka majini, utamfuata."

Mzee Bilali alicheka mpaka boti ikayumba. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, kuku akilichafua shati nililolipiga pasi tangu jana yake.

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri. Pilau ilikuwa imepoa, lakini ililiwa mpaka masufuria yakalia. Mama Zainabu alisimulia habari yangu kwa kila aliyeingia, wanawake wakaitungia wimbo, na vigelegele vilivyopigwa kwa jina la Saa Moja Kamili vilizidi hata vya bwana harusi. Nilicheza. Ningefanyaje?

Kikao cha kijiji hakikuniondoa kazini. Walichofanya kinaniuma zaidi. Ratiba yangu waliiacha, ila Mama Zainabu alipewa brashi akaongeza mstari chini yake: TUKIINGIA WOTE. Herufi zake zimepinda kama vidole vya tangawizi, nyingine zimemwagika hadi ukingoni, na nimekatazwa kuzigusa. Kila asubuhi nazitazama, mkono unaniwasha.

Wanunuzi bado wanalalamika tukichelewa. Siku hizi nawaambia kweli: tulimrudia mtu. Wengine wanakunja uso, wengine wanauliza kama alikuwa na kuku.

Wewe unayesoma, hasa kijana mwenzangu unayependa mambo yaende sawasawa, na umekabidhiwa kitu cha watu wengi, kiwe duka, shamba au boti: mwenye mali ni yule anayechelewa pia. Ukimwona, sema umemwona. Mimi siku hizi nasema kweli kila safari, lakini nikijibu "Nyuma kweupe," Mzee Bilali anaachia injini, anajipinda mwili mzima na shingo yake mbovu, akatazame mwenyewe.