Maji ya Hadidja Kwenye Boti ya Likizo

Hadidja binti Assumani hakuwahi kunywa maji ya mtu. Hata siku ya uhuru, tarehe thelathini Juni mwaka wa 1960, mji mzima wa Kisangani ulipomwagika barabarani na bia ikanywewa hadi na wale wasioinywa, yeye alikwenda kwenye sherehe na chupa yake kwapani. Watu walimcheka, akawaacha wacheke. Maji yake aliyachemsha mpaka yakatokota, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa cheupe kisichokuwa na kazi nyingine duniani. Aliyethubutu kufutia mikono kitambaa hicho alijua siku hiyo hiyo kwa nini majirani wa mtaa wa Tshopo walikuwa wakimwogopa.

Wengine walisema ni maringo. Hawakujua kitu. Mwaka wa 53 alisafiri kwa boti na mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na miaka miwili, na abiria mmoja kwa wema wake akampa mtoto maji ya mto kwenye kikombe. Mtoto aliharisha siku mbili. Walimzika karibu na gati la kijiji ambacho Hadidja hakukitaja jina tena, na boti ikapiga honi kuwahimiza warudi ndani.

Na tangu utotoni alikuwa amezoeshwa maji safi. Baba yake, Mwalimu Assumani, alifundisha chuo cha Kurani na kuwaandikia wagonjwa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa wino kwenye sahani, kisha zikaoshwa na mgonjwa akanywa. Kazi ya kuchemsha maji ya kombe ilikuwa ya Hadidja. Kwa kukaa pale pembeni na birika lake, alizijua herufi zote kabla ya kaka zake waliokuwa wakichapwa fimbo ili wazijue. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemuuliza kama anajua.

Mumewe Yakubu alikuwa kinyume chake. Yeye alipelekwa na baba yake kwenye shule ya Mapadri ili apate kazi ya ofisi, na akaipata. Kifaransa cha barua alikijua, mashine ya kuchapa aliijua, ila msikitini alikuwa akichezesha midomo tu nyuma ya wenzake. Mkewe alimtania kwa hilo miaka yote ya ndoa yao, naye alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Wabelgiji walipofunga mizigo, Yakubu alijikuta amekalia kiti cha bosi wake, karani mkuu wa ofisi ya serikali, na kiti hicho hakikumpa nafasi ya kupumua miaka minne.

Ndipo Julai ya mwaka wa 64 akarudi nyumbani na karatasi nyembamba mkononi. Ilikuwa congé, likizo ya wiki tatu, pamoja na nauli nusu kwenye boti, yeye na mkewe. Jina lake, cheo chake na ofisi yake vilikuwa vimeandikwa kwa ile kalamu ya risasi ya ofisini ambayo ikiguswa na maji hugeuka zambarau.

"Tunaenda wapi?" Hadidja aliuliza.

"Hatuendi fasi yoyote. Tunapanda bateau, tunashuka mpaka Bumba, tunarudi. Ni kutazama mutoni tu, sawa vile Wazungu walikuwa nafanya."

Hadidja alifurahi mpaka akaona haya. Alimwamuru mumewe aache tai nyumbani, avae kanzu na kofia kama mtu mwenye dini. Kisha akafunga safari kwa namna yake: jiko dogo la makaa, sufuria, kitambaa, na chupa kubwa ya tumbo nene iliyosukiwa henzirani, ile ambayo watu wa mji waliiita dame-jeanne. Ilijaa maji hadi shingoni.

Kwenye sitaha ya chini jirani yao alikuwa Florentine, mfanyabiashara wa samaki wa kukausha kutoka Isangi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo. Alipoiona chupa alipiga makofi.

"Mama! Uko juu ya mutoni muzima, na unabeba mai? Kesho utabeba na upepo!"

"Cheka," alisema Hadidja. "Tumbo ni yangu."

Siku za kwenda zilikuwa tamu. Yakubu alilala mchana bila viatu, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona. Florentine alicheka kila jioni Hadidja alipochemsha maji mapya, na kila jioni akasogea kupiga soga karibu na jiko. Boti ilifika Bumba, ikageuza.

Walikuwa wamekwisha kupita Basoko, wakirudi, habari zilipowafikia. Waasi walikuwa wameingia Kisangani mwanzoni mwa Agosti. Nahodha alitaka kugeuza tena lakini mafuta hayakutosha kwenda kokote ila nyumbani. Florentine alikuwa ameongea na watu wa mitumbwi, na kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ndogo.

"Banatafuta bakarani. Mutu mwenye karatasi ya serikali ya kule Léo, kapitali, banamupeleka mbele ya fusil, banamupiga. Habamuulizi kitu."

Yakubu aliushika mfuko wa kanzu yake, akauachia haraka.

Yanonge ilipoonekana, mitumbwi sita ilitoka ukingoni na kuizunguka boti. Vijana waliokuwa ndani walikuwa wamejifunga majani vichwani, wengine na bunduki, wengine na mikuki. Boti ilisogezwa gatini na ubao wa kushukia ukateremshwa, wapiganaji wakapanda kupekua abiria. Abiria mmoja wa sitaha ya juu alitupa pochi yake mtoni. Mtumbwi uliinasa kabla haijazama, na mwenye pochi akateremshwa nchi kavu akiwa bado anaeleza. Baada ya muda ulisikika mlio mmoja wa bunduki nyuma ya nyumba za gatini. Watoto wote wa botini wakanyamaza pamoja.

Yakubu aliitoa karatasi na kutaka kuitia mdomoni. Hadidja alimshika mkono. Mpiganaji aliyekuwa akija upande wao alikuwa akiwafungulisha watu vinywa, kila aliyetafuna aliambiwa ateme. Kutupa haikuwezekana, kumeza haikuwezekana, na kati yao na mpiganaji walikuwa wamebaki watu watano. Hadidja akaivingirisha karatasi ikawa nyembamba, akaisukuma kwa kidole ndani ya shingo ya chupa yake.

Maji yale alikuwa ameyachemsha asubuhi.

Aliyefika mbele yao hakuwa yule mpiganaji bali mkubwa wake, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mwenye utepe wa ngozi ya chui kichwani. Wenzake walimwita kapteni. Aliitazama kofia ya Yakubu, akaitazama chupa, kisha akakitazama kidole cha Hadidja kilicholowa.

"Weye mama. Umetia nini mu chupa?"

"Hakuna kitu. Ni mai ya kunywa."

"Mai ya kunywa." Aligeuka akawaonyesha wenzake mto wote kwa mkono. "Na hii iko nini?"

Wenzake walicheka, naye hakucheka. Hakuigusa chupa. Sheria yao ilijulikana hadi kwa abiria: mpiganaji asiguswe na mwanamke, wala asipokee kitu mkononi mwake, kinga yake ya dawa dhidi ya risasi isije ikavunjika. Alimwelekezea Yakubu mdomo wa bunduki.

"Weye, mwanaume. Mimina."

Yakubu alimimina. Hadidja alijikaza kushika kitambaa mdomoni mwa chupa, kwa sababu aliona ncha nyeupe ya karatasi imekwama shingoni. Maji yalijaa kikombe, na yalikuwa ya zambarau.

Bunduki mbili zaidi zilinyanyuka.

"Ni sumu," alisema mmoja.

"Ni kombe," alisema Hadidja. Hakujua limetoka wapi neno hilo. Lilitoka lenyewe, na likiwa limekwisha kutoka akaliona kuwa ni mlango.

"Kunywa."

Alikunywa. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameilinda midomo yake kuliko macho yake, na sasa alimeza kikombe kizima cha wino wa ofisi, chenye ladha ya kutu, mpaka tone la mwisho. Akaweka kikombe chini, akafuta mdomo kwa upande wa mkono.

Kapteni alichuchumaa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na umri wake.

"Kwetu Kasongo najua kombe. Koko, bibi yangu, alinikunywisha nikiwa mutoto. Lakini ya kwetu iko manjano."

"Ya kwenu iko na zafarani. Huku zafarani ilipotea mwaka ya uhuru. Tunaandika na wino."

Kapteni aliitazama tena chupa.

"Nani aliandika? Kama ni mwanamuke, nasema bayimwange yote hapa chini."

Na ikimwagwa yote, karatasi itatoka nayo. Angesema ni marehemu baba yake, lakini wino ulikuwa mbichi na mtoto wa Kasongo angeuliza imeandikwa lini. Mwanamume mwenye kofia pale alikuwa mmoja.

"Ni bwana yangu."

Kapteni alimgeukia Yakubu na bunduki ikashuka. "Weye iko mwalimu?"

"Ndiyo," alisema Yakubu, kwa sauti ambayo mkewe hakuitambua.

Hakuna aliyempekua tena. Kapteni alifungua kikombe cha bati kiunoni mwake, akakinyoosha. Yakubu mwenyewe akashika kitambaa, yeye mwenyewe akamimina. Kijana alifumba macho, akasema bismillahi kama alivyofundishwa na bibi yake, akanywa jina, cheo na ofisi ya mtu yule yule ambaye yeye alikuja kumwua. Hadidja aliona kicheko kinampanda kifuani pamoja na kilio, akavizuia vyote viwili. Aliwaza kuwa wamepona. Alianza hata kumshukuru Mungu.

"Bon," alisema kapteni, akisimama. "Niko na bapiganaji makumi ine, na hakuna mutu wa kubaandikia. Mwalimu, utashuka na sisi. Leo hii utaandika sahani ya kila mutu."

Yakubu alimtazama mkewe. Hakuwa na haja ya kusema. Mtu ambaye hakujua hata herufi ya kwanza inaanzia wapi atawekewa sahani arobaini mbele yake, na mtoto wa Kasongo aliyekunywa kombe utotoni atasimama juu ya bega lake akiangalia. Kukataa kungemfichua papo hapo, kukubali kungemfichua saa moja baadaye. Hadidja aliulaani ulimi wake. Ulikuwa umemtoa mumewe mbele ya bunduki ukamrudisha pale pale.

Florentine alimshika khanga. "Banawake banabaki, mama. Bateau itaondoka. Baki," alinong'ona, na alikuwa akilia.

Hadidja alijinasua, akasimama wima mbele ya kapteni, hatua tatu mbali ili asimguse.

"Kapteni, mai ya mutoni inaharibu kombe. Ni lazima bayichemshe, na mwalimu hajue kuchemsha. Mwanaume gani anajua? Miye nitawasha moto tu. Yeye atachuja, yeye atamimina. Hamutaona mukono yangu."

"Wanamuke hawaruhusiwe mu camp."

"Koko yako, nani alimuchemshia mai?"

Kijana alitabasamu kidogo, kwa kutotaka. "Koko yangu naye alikuwa nasema vile. Mai ya kuchemsha." Alimpungia mkono mtu wake. "Apite. Lakini akae mbali na bapiganaji."

Hadidja alichukua jiko, sufuria na kitambaa. Chupa alimpa Florentine, akamtazama machoni. "Iliyobaki mwaga mbali," alisema, na Florentine, aliyeicheka chupa ile wiki tatu, aliikumbatia chini ya nguo yake akaenda nayo nyuma ya boti bila kuuliza.

Ubao wa kushukia ulikuwa mrefu na wa kuyumba. Kapteni alitangulia mbali mbele, na mpiganaji wa nyuma alijiweka nyuma zaidi, kwa kumwogopa mwanamke. Yakubu alikuwa akitembea kama anayehesabu mbao. Hadidja alimsogelea mgongoni, sufuria kichwani, akisema bila kufungua midomo sana.

"Alifu. Ni fimbo moja imesimama. Usigeuke, tembea. Be ni sahani, nukta moja chini. Te ni sahani ile ile, nukta mbili, juu."

"Juu?"

"Juu. The, tatu, juu. Unaanza mukono ya kuume. Sikia vizuri, bwana yangu, miye niko nyuma yako."

Walipoukanyaga mchanga Hadidja alikuwa amefika kwenye jimu, herufi ya tano, na Yakubu alikuwa amekwisha kuisahau te.