Jumanne ya Ndege Kugongwa

Mpangaji wetu wa kazi tulimwita Bwana Wastani, na si kwa mapenzi. Alikuwa na shahada mbili na shati jeupe lisilojua grisi. Bisibisi hajawahi kuishika, lakini sisi mafundi wa bodi za ndege tulifanya kazi kwa karatasi yake.

Karakana ina nafasi tatu za ndege. Msimamizi aliyestaafu aliacha moja wazi siku zote, na mafundi wawili wasio na zamu, kwa sababu mvua ya mawe haipigi hodi. Bwana Wastani akauita huo uvivu. Akahesabu: mwaka uliopita ndege ziligongwa mara kumi na mbili. Basi, mara moja kwa mwezi! Akaandika ukutani kwa kalamu nyekundu: "Ndege kugongwa: Jumanne ya pili." Siku nyingine zote akazijaza ukaguzi wa kawaida hadi pomoni. Wakubwa wakampigia makofi. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mjinga akipewa kalamu, balaa.

Jumanne mbili za kwanza tulipiga soga tu. Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, gari la mizigo likatoboa mlango wa ndege moja. Ijumaa asubuhi korongo akapasua bawa la ndege ndogo ya wagonjwa. Ndani, nafasi zote zilikuwa na ndege zilizofumuliwa, hazisogei.

Bwana Wastani akaja mbio, jasho linamtiririka. Ndege ile ndogo ndiyo ingempeleka mama yake kupasuliwa moyo, na daktari bingwa alikuwa akiondoka nchini Jumamosi mchana, kwa miezi sita.

"Kaka, nisaidie. Fanya lolote."

"Nifanyie wapi, bosi? Kichwani kwako?"

Sikumwonea huruma hata chembe. Ila mama ni mama. Tulitengenezea nje, uwanjani, mvua ikatufukuza mara mbili. Tulimaliza Jumamosi saa kumi jioni.

Nikaenda chumba cha kusubiria. Mama wa watu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu asubuhi. Kabla sijasema neno, mwanawe akaniwahi: "Mama, mafundi hawa ndio waliochelewesha."

Nikafungua mdomo nimvue nguo mwongo yule. Yule mama akanishika mkono, grisi na yote.

"Usijali, baba," akasema, pumzi zikimkatika. "Najua mmejitahidi. Daktari atarudi lini?"



"Baada ya miezi sita, mama," nikamjibu mimi, maana hata hilo mwanawe hakuthubutu kulisema.